Umetua sayari 41, lakini umetafuta mara moja

*"Shikamoo mwalimu. Naishi Buhongwa, Mwanza. Nimemaliza chuo mwaka jana, sasa nasubiri ajira. Usiku nacheza Elite Dangerous, gemu ya kurusha meli za angani, yenye nyongeza ya Odyssey inayokuwezesha kutembea kwa miguu kwenye sayari, kwenye laptopu ya mtumba. Lengo langu ni moja: nipate Stratum Tectonicas, yule kiumbe ambaye sampuli zake zinalipwa krediti (pesa za gemu) milioni 19. Miezi minne imepita. Nimetua sayari 41, zote nimeziandika kwenye daftari, picha za kurasa nimekutumia. Nimeambulia bakteria tu. Kaka yangu anasema kiumbe huyo ni adimu mno, hapatikani mpaka ufike katikati ya galaksi. Rafiki yangu anasema laptopu yangu haina nguvu, viumbe wapo ila haiwaonyeshi. Mwingine kaniambia nikikosa nizime gemu niwashe upya, viumbe watabadilika. Mimi mwenyewe nahisi kwa mara 41 nilizokosa, zamu yangu imekaribia. Nani mkweli? Maana nalala saa 9 usiku kwa ajili ya bando la usiku, macho yananiuma, na nimeanza kujiuliza kama niache."*

Marahaba, mdogo wangu. Swali lako nimelisoma mara mbili, lakini daftari lako nimekaa nalo jioni nzima. Kazi yangu ya mchana ni kuhesabu samaki wa ziwa hili, na nimeshaona watu wenye shahada wakirudi kutoka majini bila kuandika kina cha maji walipotega nyavu. Wewe umeandika kila sayari: ya aina gani, hewa gani, halijoto, na skana ilisema kuna ishara ngapi za uhai. Kwa hiyo sina haja ya kukubahatishia. Jibu umelileta mwenyewe, limejificha kwenye safu ya pili na ya tatu ya jedwali lako.

Nimehesabu hivi. Katika sayari 41, 26 ni za barafu, 11 ni za miamba, na 4 tu ni zenye metali nyingi. Stratum Tectonicas huishi kwenye hizo za metali nyingi, zenye angahewa nyembamba, na halijoto ya juu yake ianzie karibu kelvini 165. Toa 273 upate nyuzi za selsiasi: ni 108 chini ya sifuri, baridi ambayo kwake ni joto. Sasa tazama zako nne. Mbili hazina angahewa kabisa, ulitua kwa ajili ya mashimo ya volkano (na picha ni nzuri, nakubali). Ya tatu ina angahewa lakini umeandika kelvini 151. Inabaki moja: kelvini 171, dioksidi ya kaboni, ishara moja ya uhai. Na ishara hiyo moja skana ilishakuandikia "Bacterium" kabla hujashusha magurudumu.

Mara zile 40 zilizobaki ulikuwa unatalii. Kutalii si kosa, ila usikuhesabu kama kutafuta.

Usione haya, mimi nimefanya hilohilo kwa mshahara. Nilipokuwa kijana wa mafunzo, tulipewa kazi ya kutafuta aina moja ya furu, samaki wadogo wa ziwa hili, katika Ghuba ya Mwanza. Tulitega nyavu usiku tatu mfululizo, tukavuta, tukahesabu, tukaandika kwenye fomu: hayupo. Mzee aliyekuwa anatuendeshea mtumbwi alikaa kimya usiku wote mitatu. Siku ya nne, tukiwa tunakunja nyavu, ndipo akauliza: "Kwani nyinyi mnamtafuta yule wa mawe?" Tukasema ndiyo. Akacheka mpaka akaweka kasia chini. Tulikuwa tumetega juu ya mchanga. Wale jamaa hawatoki kwenye mawe.

Tena mawe peke yake hayatoshi. Kwenye kisiwa cha Makobe, hapa karibu na Mwanza, kuna furu wawili ndugu. Mmoja dume lake ni la buluu, anaitwa kitaalamu Pundamilia pundamilia. Mwingine dume lake ni jekundu, anaitwa Pundamilia nyererei. Ndiyo, kwa heshima ya Mwalimu. Wote ni wa mawe, kisiwa ni kilekile, lakini wa buluu hukaa juu kwenye maji mafupi na mwekundu hukaa chini zaidi. Mwanga unapozama kwenye maji ya ziwa hili, yaliyojaa tope, hupoteza rangi ya buluu kwanza, unabaki mwekundu-mwekundu, na macho ya kila mmoja yamejengwa kwa mwanga wa kina chake. Ukitega nyavu kwenye kina kisicho chake utamkosa huku mko kisiwa kimoja. Gemu yako ina tabia hiyohiyo, na walioitengeneza waliifanya hivyo makusudi.

Sasa nianze na ushauri wa kuzima na kuwasha, kwa sababu ukiuelewa huu, mingine inaanguka yenyewe. Galaksi ya Elite Dangerous ina mifumo ya nyota kama bilioni 400. Hakuna mtu aliyekaa akaichora. Hata kuihifadhi yote kwenye diski haiwezekani. Kinachohifadhiwa ni kanuni pamoja na namba ya kuanzia, ambayo waandishi wa programu huiita mbegu. Ukifika kwenye nyota, kanuni inaichukua mbegu ya pale na kukokotoa: sayari ngapi, za aina gani, hewa gani, viumbe gani.

Fikiria bao. Ukipanga kete vilevile, ukaanza kusambaza kutoka shimo lilelile, kete ya mwisho itaangukia shimo lilelile. Haijalishi unacheza Buhongwa au Sengerema, leo au mwakani, umeshiba au una njaa. Hakuna bahati baada ya kete kupangwa. Sayari ya gemu iko hivyo: kete zilishapangwa. Ukizima laptopu ukawasha, unasambaza kete zilezile kutoka shimo lilelile. Kuna gemu nyingine ambazo wanyama hutokea na kutoweka ukiingia upya, nadhani ushauri huo umetoka huko. Hapa aina za viumbe wa sayari hazibadiliki, na mimi nikitua palepale nitaona aina zilezile ulizoona wewe.

Ujanja huu ni wa zamani kuliko wewe. Elite ya kwanza ilitoka 1984 kwa kompyuta ya BBC Micro, yenye kumbukumbu ya kilobaiti 32. Picha moja uliyonitumia ya daftari lako ni kubwa kuliko hiyo mara nyingi. Vijana wawili, David Braben na Ian Bell, waliingiza humo galaksi nane zenye nyota 256 kila moja, jumla 2,048, kwa sababu hawakuzihifadhi, waliziacha zijikokotoe. Hii ya sasa, iliyotoka Desemba 2014, ni mjukuu wa ujanja uleule.

Rafiki yako wa laptopu amekosea kwa sababu hiyohiyo. Uwepo wa kiumbe unatokana na hesabu, hautokani na kadi ya michoro. Ana robo ya ukweli, nisimdhulumu: michoro ikiwa ya chini sana vitu vidogo vya ardhini huonekana ukiwa karibu tu, hivyo unaweza kumpita kiumbe ukiruka juu. Dawa yake ni kuruka chini na polepole. Usinunue kompyuta nyingine kwa hili. Na kama kuna jamaa yako anataka kuingia kwa PlayStation 4 ili mtafute wote, mwambie asubiri kwanza: Odyssey ilitoka Mei 2021 kwa kompyuta tu, na Machi 2022 kampuni ikatangaza kwamba haitaileta kwenye konso. Atanunua gemu isiyo na hiki unachokitafuta.

Kwa kaka yako nitakaa zaidi kidogo, maana amechanganya vitu viwili ambavyo hata wavuvi wetu wangemtofautishia. Amesikia bei kubwa akadhani ni uadimu. Nenda Mwaloni Kirumba asubuhi. Sangara ana bei, na bondo lake, ule mfuko wa hewa wa tumboni, lina bei kuliko nyama, lakini je, sangara ni adimu? Yupo ziwa zima. Ndani ya ziwa hilohilo kuna furu ambao mtafiti anaweza kumaliza mwaka bila kuwaona, na akiwapata hakuna mchuuzi atakayempa hata nauli ya daladala.

Stratum Tectonicas ni sangara wa gemu hii. Bei yake ni krediti 19,010,800, na kwa mtu anayetua kwenye sayari sahihi si kiumbe wa kukosa. Ukitaka cha kujivunia kwa uadimu, tafuta viumbe waitwao Bark Mound. Hao hukaa karibu na nebula, yale mawingu makubwa ya gesi na vumbi angani, unaweza kusafiri wiki nzima kuwafikia, na malipo yake ni 1,471,900 tu. Katikati ya galaksi ni karibu miakanuru 26,000 kutoka Jua (mwakanuru mmoja ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka). Kwenda huko ni safari njema na iko siku utaifanya, lakini usiende kumfuata Stratum. Ni kama kupanda meli kwenda Bukoba kununua dagaa waliopo Igombe.

Kuna jambo moja tu ambalo umbali unasaidia. Eneo walilojaa watu kuzunguka Jua limekwisha kukanyagwa sana. Ukiwa wa kwanza kabisa kuwasilisha kiumbe wa sayari fulani, unalipwa mara tano: ile milioni 19 inakuwa 95,054,000. Kwa hiyo toka nje ya makazi, miakanuru 1,000 hivi inatosha, halafu angalia kama maelezo ya sayari yana jina la aliyeikanyaga kwanza. Kama hakuna, ni yako.

Sasa tuje kwako na "zamu yangu imekaribia". Hili naliogopa kuliko mengine, kwa sababu linafanana na hesabu na si hesabu. Sayari ya 42 haijui kwamba umekosa 41. Kete zake zilipangwa kabla hujanunua gemu. Kukosa hakukusogezi karibu, isipokuwa kukosa kwenyewe kumekufundisha kitu.

Kunaweza kufundisha, ukihesabu vizuri. Sisi wa majini tuna kanuni ya haraka: ukijaribu mara kadhaa kwa njia sahihi usipate kitu, gawa 3 kwa idadi ya majaribio. Jibu ndilo kiwango cha juu ambacho kitu hicho kinaweza kuwa kinapatikana, ukiwa na uhakika wa karibu asilimia 95. Nyavu 30 mahali panapofaa bila furu hata mmoja: 3 gawa kwa 30, asilimia 10. Siwezi kusema hayupo. Naweza kusema akiwepo, basi hapatikani zaidi ya mara moja katika nyavu kumi. Wewe una jaribio 1 la haki. Tatu gawa kwa moja ni asilimia 300. Yaani daftari lako halisemi lolote kuhusu Stratum, si kwamba yupo wala hayupo.

Geuza hesabu uone upande wa matumaini. Tuseme, kwa mfano wa kukokotoa tu, kwamba katika kila sayari nne zenye masharti yake, moja inaye. Ukitua kumi za namna hiyo, uwezekano wa kurudi mikono mitupu unashuka chini ya asilimia 6. Ni sayari kumi tu hizo, na wewe ulishatua 41.

Kabla sijaenda mbele, neno "hayupo" lina historia mbaya hapa kwetu na ndiyo maana nalishika kwa ncha za vidole. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, walianza kuwachunguza furu wa Ghuba ya Mwanza 1977. Miaka ya 1980 sangara, ambaye aliletwa ziwani na binadamu miongo kadhaa nyuma, alifumuka, na furu aina kwa aina wakapotea kwenye nyavu zao. Wengi hawajaonekana tena. Lakini mmoja, Haplochromis pyrrhocephalus, aliyekuwa amekaribia kuandikwa marehemu, alirudi kwa wingi miaka ya 1990. Kizazi kilichorudi kilikuwa hata kimebadili chakula. Kama wale watafiti wangekunja nyavu na kuondoka, tungekuwa tunamsoma kwenye orodha ya waliokufa.

Turudi angani. Namna ya kutafuta ni hii, na sehemu kubwa yake inafanyika ukiwa umekaa kwenye kiti cha meli. Ukiingia kwenye mfumo mpya, tumia ile skana kubwa, FSS, mpaka sayari zote zifunguke. Sayari ikifunguka inakueleza aina yake, angahewa, halijoto, uvutano, na idadi ya ishara za uhai. Hapohapo chuja. Metali nyingi? Angahewa ipo na unaruhusiwa kutua? Kelvini 165 au zaidi? Ishara ni mbili au zaidi? Ishara ikiwa moja tu, mara nyingi sana ni bakteria, na hilo umeshalionja mwenyewe. Jibu moja likiwa hapana, ondoka usiangalie nyuma. Utapita mifumo mingi bila kutua kokote, na usiku wa namna hiyo si usiku uliopotea.

Uvutano nao una neno. Viumbe wengi wa gemu hii hawaoti pale uvutano unapozidi kama robo ya ule wa Dunia. Stratum Tectonicas ni miongoni mwa wachache wanaovumilia zaidi, kwa hiyo hapa sharti la ishara mbili linalegea: sayari nzito kiasi yenye metali nyingi, hata ikiwa na ishara moja tu, usiiruke mpaka uhakikishe kwamba ishara hiyo ni bakteria.

Sayari iliyopita mchujo ndiyo unayoirushia vichunguzi vya DSS, skana ya kuchora ramani ya sayari. Hapo utapewa jina la ukoo, si jina kamili. Angalia sana hapa. Ukiona "Stratum" kwenye sayari ya miamba, huyo ni binamu. Binamu wengine ni wa bei ya chini, Stratum Paleas kwa mfano ni 1,362,000, ingawa yupo mmoja, Cucumisis, wa 16,202,800. Ukiona "Stratum" kwenye sayari ya metali nyingi, huyo ndiye wako.

Ramani ya rangi inayotokea baada ya vichunguzi inawadanganya wengi. Wanatua katikati ya rangi, wanazunguka dakika tano, wanalalamika. Ile rangi inaonyesha ardhi inayomfaa kiumbe, haionyeshi alipo. Ni kama mimi nikuambie furu mwekundu hukaa kwenye mawe: nimekuonyesha mawe, samaki utamtafuta. Ruka chini juu ya rangi hiyo, upande wenye mchana, jua likiwa pembeni ili vivuli vikusaidie. Stratum hasimami kama mti. Ametambaa ardhini mabamba kwa mabamba, kama ukurutu kwenye ngozi. Mara ya kwanza niliwaruka nikidhani ni mawe yenye rangi. Rangi yenyewe usiikariri, inabadilika kufuatana na nyota inayomulika sayari.

Ukishuka vaa suti ya Artemis, ndiyo yenye kichukua sampuli. Unahitaji sampuli tatu za aina moja, na kwa Stratum kila moja iwe umbali wa mita 500 au zaidi kutoka nyingine. Gemu inajaribu kuiga kitu cha kweli hapa: ukichukua tatu kutoka kundi moja lililozaana, umechukua mtu mmoja mara tatu. Nasi tunafanya hivyohivyo, hatuvuti nyavu zote kwenye mwalo mmoja tukasema tumepima ziwa.

Njia ya mkato ipo na sitakuficha. Wachezaji wamekusanya orodha za sayari ambako Stratum alishapatikana. Ukifuata orodha utampata leo kabla ya saa sita, utalipwa milioni 19 bila ile nyongeza, na kiu yako itakata. Kwa mtu aliyechoka miezi minne, sioni ubaya kufanya hivyo mara moja, ili macho yazoee anavyofanana; hata sisi mwanafunzi huonyeshwa samaki kwenye chupa ya maabara kabla ya kupelekwa ziwani. Baada ya hapo, ningekuwa wewe, ningeachana na orodha. Ila hayo ni mapenzi yangu, krediti ni zako.

Nimeona pia kwenye ukurasa wa mwisho kwamba tangu Februari hujauza data yoyote kwa Vista Genomics, wale wanunuzi wa data za viumbe ndani ya gemu. Meli ikilipuka kabla hujauza, miezi minne imekwenda na maji. Usidharau bakteria pia. Wa bei ya chini wengi wanaanzia krediti milioni moja, na Bacterium Informem, wa kwenye angahewa ya nitrojeni, ni 8,418,000. Una sayari mbili za nitrojeni humo. Inawezekana wewe ni tajiri na hujui. Tafuta kituo chenye Vista Genomics kabla ya jambo jingine lolote.

Kuhusu bando na usiku. Gemu hii inadai mtandao hata ukicheza peke yako, hilo halina njia ya kulikwepa. Lakini kinachokula data ni kupakua gemu na masasisho yake. Kucheza peke yako hutumia kidogo sana ukilinganisha. Kwa hiyo bando la usiku liachie kupakua: weka ijipakulie saa 6 usiku, wewe lala. Cheza saa 2 jioni kwa bando dogo. Jaribu wiki moja upime mwenyewe, una daftari.

Macho yanayouma baada ya kukodolea kioo chenye anga jeusi mpaka saa 9 ni jambo la kawaida. Mtu akikodoa hupepesa kidogo, macho yanakauka. Washa taa ya chumba, inuka kila baada ya dakika 20 hivi utazame mbali dirishani. Ukipumzika siku tatu nne na bado yanauma, au ukaanza kuona ukungu, kuona viwili, kupata miwako pembeni ya jicho, au kichwa kuuma kila siku, usiniandikie mimi. Nenda hospitali yenye kitengo cha macho ukapimwe ana kwa ana. Huenda unahitaji miwani tu, na huenda ni kingine ambacho hakuna mtu anaweza kukiona kwa kusoma barua.

Laptopu nayo ipeleke kwa fundi kama inazima yenyewe au imekuwa ya moto kiasi cha kushindwa kuipakata. Mashine za mtumba huja na vumbi la miaka kwenye feni, na kuisafisha hakugharimu kama kununua nyingine. Na hili la kusubiri ajira, ambalo ulilitaja kwa maneno mawili ukapita: kama gemu ndiyo imekuwa mahali pa kujificha, hata mchana hutoki, hata chakula unaona uvivu, zungumza na mtu wa karibu unayemwamini, au mshauri pale hospitalini siku ukipeleka macho. Sisemi ndivyo ilivyo. Nimeuliza kwa sababu umeuliza kama uache, na kuna mtu huuliza hivyo kwa ajili ya gemu na kuna mwingine huuliza kwa ajili ya vitu vingine.

Kwa ajili ya gemu, usiache. Nimebakiza jambo moja la daftari lako, makusudi. Katika zile sayari 26 za barafu, tatu umeandika "neoni" kwenye safu ya angahewa: namba 9, namba 22 na namba 37. Zote tatu skana ilikupa ishara 2. Zote tatu ulichukua sampuli za bakteria, ukarudi melini, ukaondoka. Ishara ya pili hukuigusa, nadhani kwa sababu ulikuwa na jina moja tu kichwani.

Kwenye barafu, gesi ndiyo inayoamua ni nani anaota. Kuna ukoo mwingine wa viumbe uitwao Fonticulua: wa kwenye argoni, Campestris, ni milioni moja. Wa kwenye oksijeni, Fluctus, ni milioni 20 kamili. Na wa kwenye neoni anaitwa Fonticulua Segmentatus, bei yake 19,010,800, haipungui krediti hata moja chini ya Stratum wako. Siwezi kukuapia kwamba ndiye, maana ukoo mwingine, Electricae, nao hupenda baridi na neoni, na bei yake ni 6,284,600. Rusha vichunguzi upya usome jina la ukoo.

Anza na namba 37, ndiyo iliyo karibu na ulipo. Kauze data kwanza. Ukitua acha taa za meli zikiwaka, kwa sababu hata Fonticulua anadai mita 500 kati ya sampuli, na kwenye barafu nyeupe usiku meli hupotea upesi kuliko unavyodhani.